Mwanavumo Hana Mwenyewe

Msambweni, Jumanne, 8 Aprili 2025

Shule zilifungwa Ijumaa, na mvua imeanza leo, kana kwamba ilikuwa ikingoja watoto wafike makwao kwanza. Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo. Siku hizi mwalimu mkuu anayataka kwenye kompyuta, basi kurasa zilizobaki nimezirithi mimi, niandike yangu.

Swabir kapiga simu mchana. Tulisoma naye, na sasa yuko Nairobi, mchoraji katika kampuni inayotoa michezo ya kadi. Mwaka jana alinijia na wazo: mchezo wa mazimwi na viumbe vya pwani yetu, yeye achore, mimi niandike kisa cha kila kadi. Kadi arubaini na nane. Nimezimaliza zote, baada ya kusahihisha madaftari ya watu na kabla ya kulala, mwaka mzima. Leo ananiambia wakili wa kampuni anataka kujua kila jina limetoka wapi.

Nikamuuliza kama zimwi nalo lina cheti cha kuzaliwa. Akacheka, lakini akasema nimpigie wakili.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimezungumza na wakili. Mwanamke mpole, anaongea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

"Mwalimu, kazi ni rahisi," akasema. "Jina la kale kama zimwi ni la kila mtu. Tunachokwepa ni kuchukua sura na kisa ambacho mwingine amekitunga. Halafu kuna majina ya kale ambayo kampuni nyingine imeshayasajili kuwa alama yake ya michezo. Hayo tunayaacha, hata kama ni ya babu zetu sote."

Kwa hiyo kadi tatu zimeondoka. Mmoja alikuwa mungu wa Wayunani niliyemchomeka kwa sababu ya merikebu iliyopotea njia, naye ana kampuni ng'ambo inayomlinda. Sikujua kwamba hata miungu ya watu wa kale ina mawakili.

"Na jina lililotungwa na mtu aliye hai?" nikamuuliza.

"Hapo tunahitaji sahihi yake, na jina lake kwenye boksi. Ndiyo sababu nauliza hasa juu ya Mwanavumo, yule mwanamke wa mwambani. Ndilo jina la mchezo wenyewe. Tumeshaomba kulisajili."

Nikamwambia nitamjibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Kwa shangazi Mwanarusi asubuhi. Anauza mbaazi na mahamri barazani kwake, na mteja anayelalamika kwamba mbaazi ni chache hupewa maelezo ya ukoo wake mpaka kizazi cha tatu. Hasimulii hadithi kwa ajili ya wazee wala watalii. Huwasimulia watoto wa Gredi ya Tatu kila Ijumaa shuleni kwetu, kwa sababu mwalimu mkuu, Mwalimu Chirau, alimwomba, na yeye hakumbuki siku aliyonyimwa hadhira akafurahi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Chirau kakwambia?"

Alikuwa ameniambia. Shule inataka kupiga chapa kijitabu cha hadithi zake, hapo Ukunda, watoto wakisome. Kitaitwa *Mwanavumo na Hadithi Nyingine*, na chini yake jina la Mwanarusi binti Abdulrahman.

"Jina langu juu ya jalada," akasema. "Mimi niliyetolewa shule darasa la nne. Nitakufa, na mtoto wa mtu atanisoma." Kisha akamgeukia mteja na kumwambia mahamri ya jana hayauzwi, kama hajui basi asome.

Sikumtajia wakili. Mvua ilikuwa ikinyesha na watu walikuwa wengi.

Jumanne, 15 Aprili

Fomu ya kiapo imekuja. Karibu na kila jina kuna visanduku viwili. A: jina ni la kale, halina mtunzi anayejulikana. B: jina limetungwa na mtu, taja nani, ambatisha idhini yake.

Kwa Mwanavumo nimetia alama A.

Mbona nisitie? Mwezi wa pili Swabir alikuja na simu yake akamrekodi shangazi, na shangazi akaanza kama anavyoanza siku zote: "Hii si yangu. Nimepewa na bibi yangu, naye kapewa na bibi yake." Hayo ni maneno yake mwenyewe, nami si wa kumkosoa mtu mzima. Kisha B ingekuwa safari ya karatasi. Shangazi angetaka kila mstari usomwe mara mbili, angeuliza kwa nini Mwanavumo kachorwa mabega wazi, angekataa kwa wiki tatu ili abembelezwe. Na kampuni inataka kila kitu kabla ya Ijumaa.

Nimeenda kuapa mbele ya wakili wa hapa. Dakika tano, muhuri mmoja.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa, nusu ya watoto hawana viatu kwa matope. Swabir kanitumia picha ya ukurasa wa jarida linalotangaza alama za biashara. Mwanavumo yuko hapo, kwa herufi nzito: michezo, vitabu vya watoto, nguo za watoto. Mwenye pingamizi ana siku sitini.

Nilipiga hesabu bila kutaka. Tarehe 27 Juni.

Jumapili, 4 Mei

Ummulkheir kaugua mafua, kanipa na mimi. Binti yangu ana miaka minane, yuko Gredi ya Tatu, na hagawi kitu kingine.

Ijumaa, 9 Mei

Siku tatu mvua haikukatika. Leo nimesimama kwenye mlango wa darasa nikitazama maji yakimwagika kutoka paa la jikoni, nikakumbuka jambo.

Hapana. Daftari ni langu, na sina wa kumficha humu. Sikulikumbuka leo. Nililikumbuka hata tarehe 15 Aprili, kalamu iko mkononi.

Mwaka wa mvua za Elinino nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa na jirani, Subira, tuliyefuatana naye kwenye mwamba maji yakitoka, kuokota simbi na kome. Siku ya bamvua, bahari inapokupwa na kujaa kupita kawaida, maji yalirudi haraka kuliko tulivyozoea. Mimi nilikimbia. Subira alirudi kuchukua kikapu chake. Alipatikana siku ya pili.

Mama zetu walitukataza kwa fimbo, na baada ya mwezi tukaenda vilevile. Shangazi hakushika fimbo. Alikaa barazani akimenya muhogo, mimi mbele yake nimeshika karai, akaanza kumtunga mtu. Alimtunga kwa sauti, nikisikia.

"Awe mwanamke," akasema. "Mwanamume watamzoea."

Akamvalisha njuga za simbi miguuni. Akamsimamisha juu ya mwamba siku za bamvua, awaite watoto kwa yale majina ambayo mama zao huwaitia wakikasirika. Anayekimbia nyumbani yu salama. Anayengoja kuitwa mara ya pili haitwi tena na mtu. Jina ndilo lililomsumbua. Alijaribu mawili, matatu, akayaacha. Mimi nikampa langu, akalicheka, akasema hilo ni la mbuzi. Kisha akasema "Mwanavumo," akalisema tena polepole huku akinitazama nilivyojikunyata.

"Hilo," akasema. "Na ukiulizwa, tumelikuta kwa bibi."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza duniani kumwogopa Mwanavumo. Miaka ishirini na minane sasa, na watoto wa kwetu hawaendi mwambani siku za bamvua. Kijiji kizima kinaamini alikuwepo tangu enzi, kwa sababu ndivyo alivyotaka waamini. Hadithi ikisemwa ni ya jana, nani ataiogopa?

Na mimi nilitia alama A.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeisoma ya Ijumaa. Bado ni kweli. Nilidhani nikiiandika nitalala vizuri zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Shangazi kaja nyumbani na karatasi za kijitabu, kashika mfuko wa plastiki juu yake zisilowe huku mwenyewe kalowa. Ameshazisoma zote, kaona makosa tisa. Nilimhesabia, ni saba. Mawili ni yeye aliyebadilisha mawazo.

Akaniuliza kama mchoraji wangu wa Nairobi anaweza kuwachorea jalada. "Si mwamchora Mwanavumo tayari huko kwenye mchezo wenu? Basi na anipe mmoja wa kwangu."

Ilikuwa nafasi yangu. Tulikuwa wawili tu, chai iko mezani. Ningesema, shangazi, kuna fomu, nilikosea, tuirekebishe. Nikasema nitamuuliza Swabir.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemuuliza Swabir. Kakubali mara moja, kafurahi. Kasema atalitaja ofisini ili apewe muda wa kuchora.

Sikumwambia asilitaje. Ningetoa sababu gani?

Alhamisi, 29 Mei

Daraja la kwenda upande wa shamba limepitiwa na maji. Walimu wanne hawakufika. Nimefundisha madarasa mawili pamoja, sauti imekwisha.

Jumanne, 3 Juni

Barua imekuja shuleni, kwa barua pepe, kutoka kwa wakili. Ni ya adabu. Inasema kampuni imepata habari za kijitabu, inaipongeza shule, lakini jina Mwanavumo limeombewa usajili pia kwa vitabu vya watoto, kwa hiyo inaomba lisitumike juu ya jalada. Kuthibitisha kwamba jina halina mtunzi, inaambatisha kiapo cha Twaiba Abdulwahab, yaani mimi, na sauti ya Bi Mwanarusi mwenyewe.

Mwalimu Chirau alinipa simu yake nisome. Alinisubiri nimalize.

"Ulijua?" akaniuliza.

Nikamwambia sikujua kama watagusa vitabu. Ni uongo. Niliona kwenye jarida tarehe 28 Aprili, kwa herufi nzito.

Alhamisi, 5 Juni

Nataka kuiandika leo yote, kabla sijaanza kuipunguza.

Mwalimu Chirau alimwita shangazi ofisini saa nne. Alikuja na buibui la kutokea na viatu vya Idi, kwa sababu alidhani kaitwa kuliona jalada. Alipoketi alinitazama akatabasamu. Mwalimu Chirau akamsomea barua polepole, akiruka maneno magumu, na alipofika mahali palipoandikwa kwamba jina halina mwenyewe, shangazi akamsimamisha kwa mkono.

"Nani kasema halina mwenyewe?"

"Ni wewe, Bi Mwanarusi," akasema Mwalimu Chirau, na nilimwona hakupenda kusema. "Kila Ijumaa wasema."

Akaiwasha ile sauti. Sauti ya shangazi ikajaa ofisini: hii si yangu, nimepewa na bibi yangu, naye kapewa na bibi yake. Shangazi alijisikiliza mpaka mwisho, akijiweka sawa mtandio.

"Hiyo ni adabu, Chirau," akasema. "Mtu mzima husimama mbele ya watoto akajisifu, haya nimeyatunga mimi? Watamwita mwongo, na watakuwa na haki. Nimesema hivyo kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Lakini Mwanavumo ni wangu. Nilimfanya mwaka ule alipokufa Subira, Mungu amrehemu."

Mwalimu Chirau akaiweka simu mezani. Ni mtu mwema, lakini nilimwona hakuamini. Miaka yote shangazi kasema hivi, leo jina limepata thamani anasema vile. Mtu mwingine angefikiri nini?

"Kuna yeyote aliyekuwepo, Bi?"

"Yupo," akasema shangazi, na sauti yake ilikuwa nyepesi, kama mtu anayetoa ufunguo mfukoni. "Twaiba alikuwepo. Alishika karai la muhogo. Muulize."

Wakanigeukia wote wawili. Kiapo changu kilikuwa juu ya meza, kina muhuri. Nilifikiri: nikisema ndiyo, basi niliapa uongo, na niliapa mwezi wa nne tu. Nilifikiri juu ya kazi yangu, na juu ya boksi ambalo Swabir alikuwa amenionyesha, lenye jina langu. Haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Nilikuwa mdogo, shangazi," nikasema. "Sikumbuki vizuri."

Alinitazama. Sikuona hasira. Ningependa iwepo.

"Kweli," akasema. "Mdogo ulikuwa."

Mwalimu Chirau alipendekeza kumpa yule kiumbe jina lingine, kijitabu kiendelee. Shangazi akainuka. "Mtoto habadilishwi jina kwa sababu jirani kalipenda. Mtoeni. Hizo nyingine chapisheni."

Alitoka na viatu vyake vya Idi kwenye matope.

Ijumaa, 6 Juni

Sijaweza kwenda kwake.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nilimpelekea shangazi leso mpya, nikambusu mkono, nikamwomba radhi kwa jumla, kama watu wanavyoombana siku ya Idi, bila kutaja kitu. Alinipokea vizuri. Alinipa kahawa na halua, akamtia Ummulkheir sarafu mkononi, akaniombea dua ndefu. Aliniita "mwalimu" mara tatu. Tangu nizaliwe hajawahi kuniita ila "mwanangu".

Ijumaa, 13 Juni

Nimempigia Swabir, nikamwambia huenda, labda, pengine, jina ni la shangazi. Nilitarajia akasirike. Ningejificha nyuma ya hasira zake.

"Dada Twaiba, mbona hukusema?" akasema. "Ni karatasi tu. Apewe B, atie sahihi, tumwandike kwenye boksi, na kitabu chake akichapishe kwa idhini. Wakili mwenyewe alisema tangu mwanzo. Lakini itabidi wewe uape upya na ueleze kwa nini uliandika A. Kabla ya tarehe 27, isiwe vita."

Kwa hiyo hakuna zimwi Nairobi. Nilitamani sana liwepo.

Jumatano, 18 Juni

Mvua inapungua. Mitihani ya kati ya muhula. Nimesahihisha insha thelathini na nne zenye kichwa "Ukweli humweka mtu huru". Sikukichagua mimi, ni cha kamati.

Jumapili, 22 Juni

Siku tano.

Alhamisi, 26 Juni

Mapumziko ya kati ya muhula yameanza leo, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kazi. Nilikwenda Ukunda asubuhi. Karibu na Kona ya Musa kuna wakili, ghorofani juu ya duka la magodoro. Nilimweleza yote kama yalivyo, mara ya kwanza kuyasema kwa mdomo. Alisikiliza vizuri huku chini mtu akitangaza bei za magodoro kwa kipaza sauti.

"Inawezekana," akasema. "Leo tunaandika, kesho naipeleka. Lakini tuelewane, Mwalimu. Utaapa kwamba ulipoapa mwanzo ulijua si kweli?"

"Siwezi kuandika kwamba nilisahau?"

"Ulisahau?"

Nilifunga zipu ya mkoba wangu.

"Basi usiandike," akasema. "Uongo mmoja tunaweza kuueleza. Wa pili utamharibia na shangazi yako." Akachukua kalamu. "Nianze?"

Nikamwambia naomba nifikirie, nitarudi kesho mapema. Nilishuka ngazi nikanunua embe, nyanya, na daftari la Ummulkheir, kama mtu aliyekuja sokoni.

Ijumaa, 27 Juni

Niliamka, nikavaa, nikafika mpaka barabarani. Nilikaa pale kituoni karibu saa nzima. Kila gari lililosimama nilimwambia utingo nangoja mwenzangu.

Nimerudi nyumbani nikafua.

Jumamosi, 28 Juni

Jua kali, la kwanza tangu Aprili. Kila mtu kijijini anasema alhamdulillahi, masika imekwisha.

Jumamosi, 12 Julai

Boksi limefika, nakala sita. Ni zuri. Sitasema si zuri. Swabir kamchora Mwanavumo juu ya mwamba, njuga za simbi miguuni, mdomo wazi akiita. Mabega kayafunika, nadhani kwa ajili ya shangazi. Nyuma pameandikwa: *Hadithi imeandikwa na Twaiba Abdulwahab, kutokana na masimulizi ya kale ya Pwani yasiyo na mtunzi.*

Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Miezi mitatu iliyopita ningeufungia kwenye fremu.

Ummulkheir atakwenda na boksi moja shuleni Jumatatu, hivyo kaamua, wala hakuniomba ruhusa. Anajivunia mama yake. Nikimkataza nitamwambia nini?

Jumatano, 16 Julai

Gredi ya Tatu nzima wanacheza Mwanavumo. Mapumzikoni wamepanga zamu.

Jumamosi, 19 Julai

Kijitabu nacho kimetoka. *Hadithi za Bi Mwanarusi*. Hadithi tano, jalada la manjano bila picha. Nilikutana na shangazi akiwa nazo nakala kumi kikapuni, anawagawia wateja. Nikampongeza. Akasema, "Ahsante, mwalimu. Chembamba lakini chasomeka."

Ijumaa, 25 Julai

Leo saa nane shangazi alikuja Gredi ya Tatu kwa mara ya mwisho muhula huu. Hakuna wakili anayeweza kumkataza mtu kusimulia kwa mdomo wake, na yeye alijua hivyo. Mimi nilikuwa darasa la jirani, nikaacha wanafunzi wangu wakinakili zoezi, nikasimama mlangoni. Aliniona. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Paukwa!" akasema.

"Pakawa!" wakaitikia.

Kisha akakunja mikono juu ya mapaja, na nikaona anatafuta maneno, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akiyatafuta.

"Leo," akasema, "hii ninayowapa ni yangu. Sikupewa na bibi. Nimeitunga mimi mwenyewe, kwa kichwa changu, nikiwa barazani kwangu. Anaitwa Mwanavumo."

Watoto wakatazamana. Wawili watatu wakacheka. Mkono ukainuka mstari wa mbele, umenyooka kama nilivyomfundisha, na nilijua ni wa nani kabla hajasimama.

"Bibi, hiyo si yako," Ummulkheir akasema kwa adabu zote. "Hiyo ni ya kwenye mchezo wa mama. Tunaijua yote."

"Bibi kaiga," akasema mwingine nyuma, na darasa likacheka, kicheko cha kawaida cha watoto, hakikuwa na ubaya.

Shangazi hakunitazama. Ni hilo lililonisukuma ndani. Nilipita mlango nikasimama mbele yao, mbele ya watoto thelathini na wanne ambao mimi ndiye niliyewafundisha kusoma.

"Bibi anasema kweli," nikasema. "Mwanavumo ni wake. Alimtunga yeye. Mimi nilikuwepo."

Sauti yangu haikutetemeka. Ilikuwa rahisi hivyo tu.

Ummulkheir akafungua mkoba wake, akatoa kifuniko cha boksi, akakigeuza. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, vizuri sana, mpaka "yasiyo na mtunzi". Akainua macho. Hakuwa ananishtaki. Alitaka kuelewa.

"Mama, uliandika uongo?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nalo neno, lilikuwa fupi. Lakini shangazi alikuwa ameshamwekea mwanangu mkono begani, akimkalisha.

"Mama yako haandiki uongo," akamwambia. "Ni mwalimu. Mimi ndiye niliyechanganya, mwanangu. Uzee huu."

Akachukua kile kifuniko, akakitazama kidogo, akamrudishia. Kisha akawapigia tena paukwa, wakaitikia, na akaanza kisa cha sungura na fisi, ambacho hakuna mtu asiyekijua.